Java, Kotlin au Flutter: ipi inakupa kodi (maelekezo ya programu) safi ya apu ya simu?

chalii_wa_ngarenaro
Wakuu habari za jioni. Niko Arusha, nimewaandikia wauza spea wa karibu na soko la Kilombero apu ya Android, wanarekodi mauzo na madeni. Niliianza kwa Java, lugha ya kuandikia programu, sasa faili la skrini kuu lina mistari 1,900, hesabu ya deni imo humo, kuvuta data humo humo, rangi za batani humo humo, nikigusa hapa panaharibika kule. Nisafishe hiyo hiyo Java, nihamie Kotlin, lugha nyingine ya kuandikia programu, au niende kabisa Flutter, zana ya kujengea apu? Nataka kodi fupi ambayo mtu mwingine ataielewa hata nisipokuwepo.

fundi_moshi
Kotlin mkuu. Google waliipokea rasmi kwa Android 2017, 2019 wakaipa nafasi ya kwanza. Klasi (kiolezo cha data) ya mteja yenye jina, simu na deni, kwenye Java ni geta na seta, vipande vya kusoma na kuweka kila thamani, ukurasa mzima, Kotlin mstari mmoja umemaliza. Ile nali (sehemu isiyo na thamani yoyote) inayoangusha apu nayo inakamatwa mapema, maana lazima useme kabisa kitu gani kinaweza kuwa tupu. Halafu Java na Kotlin zinakaa mradi mmoja, unahamisha faili moja moja. Android Studio, programu ya kuandikia apu, inaweza kukugeuzia yenyewe ila pitia kila mstari, ikikuwekea !!, alama ya kulazimisha kwamba kitu si tupu, ujue nali bado ipo pale pale.

dada_wijeti
Mimi ni wa Flutter na naipenda, kodi moja unapata Android na iPhone. Ila kaka, wateja wako wote si wana Android? Basi utajifunza Dart, lugha ya Flutter, na kutupa bure vitu vinavyofanya kazi. Na Flutter usipokata wijeti (vitu vinavyojenga skrini) vipande vidogo, mabano yanarundikana mpaka hujui lipi linafunga lipi.

mangi_wa_apu
Naomba nipinge kidogo, mistari 1,900 ukiihamisha ilivyo itakuwa mistari michafu ya Kotlin. Toa hesabu ya deni kwanza, iwe fankisheni yake, yaani kipande cha kodi chenye kazi moja, inapokea mauzo na malipo inarudisha salio, haijui kabisa kama kuna skrini. Hapo unaijaribu bila hata simu, mauzo 50,000, kalipa 20,000, irudishe 30,000. Na majina jamani! Niliwahi kurithi apu ina fankisheni inaitwa fanya2, siku tatu nahangaika kumbe inafuta risiti za zamani.

chalii_wa_ngarenaro
Mangi asante sana. Nimeitoa usiku huu, mistari 14 tu, nimeipa jina salioLaDeni, na jaribio la pili limenionyesha kosa ambalo sikulijua, mteja akilipa zidi apu ilikuwa inamwandika anadaiwa. Kesho naigeuza hiyo kuwa Kotlin. Je skrini nilizochora kwa faili za XML, njia ya zamani, nizifute niweke Compose, njia mpya ya kuchora skrini kwa Kotlin?

fundi_moshi
Usifute. Zinazofanya kazi ziache, skrini mpya ndiyo uandike kwa Compose, zinaelewana vizuri. Ila huyo mteja aliyelipa zidi mrekebishieni daftari leo leo.