Naomba ushauri: nimeona herufi "Ca" kwenye karatasi ya vipimo ya mama

Mwana wa Tatu: Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za jioni. Juzi nilikuta karatasi ya hospitali ya mama yangu, mwenye umri wa miaka 66, nayo ina herufi "Ca". Nimewahi kusikia kwamba madaktari huandika hivyo wanapomaanisha saratani. Tangu hapo sijalala vizuri, na sijamwambia mtu. Je, nimweleze mama, au nitafute kwanza fedha za matibabu?

Hesabu Kamili: Pole sana, ndugu. Vifupisho hivi vina mambo. Kaka yangu alisomea uhasibu India, ambako mhasibu aliyeidhinishwa huweka CA mbele ya jina lake, naye aliporudi akaliandika hivyo kwenye kadi za harusi. Mjomba wetu, tabibu mstaafu, alimvuta pembeni na kumuuliza kwa huruma ugonjwa umeanzia kiungo gani.

Msafiri wa Bara: Hapa Kenya tukiona CA tunafikiria Mamlaka ya Mawasiliano. Binamu yangu aliyehamia Marekani, yeye huiandika kwenye anwani yake kwa maana ya California.

Kijiko: Katika vitabu vya historia, "ca." hutangulia mwaka usiojulikana kwa hakika. Huenda daktari alikuwa anakisia umri wa bimkubwa.

Bi Mkubwa Salama: Kijiko, mwenzio ana mgonjwa. Nawe mwanangu, hiyo karatasi uliikuta wapi? Mkoba wa mama hupekuliwa na mwanawe tangu lini?

Muuguzi wa Zamu: Tuandikie mstari mzima kama ulivyo. Imechapwa na mashine au imeandikwa kwa mkono, na kando yake pana namba gani? Herufi hizo peke yake hazisemi lolote. Zinaweza kuwa madini ya kalisi, zinaweza kuwa saratani, na zikifuatwa na 125 ni kipimo cha damu ambacho chenyewe hakithibitishi saratani.

Mwana wa Tatu: Imechapwa, pamoja na Na, K na Cl. Kando yake pana 2.34 mmol/L. Hata hivyo sidhani kama namba inabadilisha jambo, na nimekwisha kupokea arbuni ya kiwanja changu, kwa sababu matibabu hayasubiri.

Muuguzi wa Zamu: Namba inabadilisha kila kitu. Hiyo ni kalisi katika damu, inayopimwa kwa milimoli kwa lita, na kwa maabara nyingi kiwango cha kawaida cha mtu mzima huwa kati ya 2.1 na 2.6 hivi. Mama yako yuko katikati. Saratani haipimwi kwa kipimo hicho.

Shaka Kwanza: Wanajukwaa, tunachezewa. Mtu anasoma Na, K na Cl, ambazo kila mwanafunzi wa kemia anazijua, kisha anaiona Ca na kuuza kiwanja? Amejiunga jana, na huu ndio uzi wake wa pekee. Hiki ni kisa cha kutunga.

Mwana wa Tatu: Kemia niliiacha kidato cha pili, nikachukua masomo ya biashara. Nilijiunga jana kwa sababu jana ndipo nilipohitaji watu wa kuniambia jambo hili. Sikusema yote, naomba radhi. Chini ya karatasi pana maandishi ya kalamu ya buluu: "R/O Ca", na neno linalofuata siwezi kulisoma. Ndiyo yaliyonitisha.

Shaka Kwanza: Kila akibanwa, mstari mpya unazaliwa.

Muuguzi wa Zamu: Huyu hatungi, kwa maana mtunzi asingejua kuziweka Ca mbili zenye maana mbili kwenye karatasi moja. Hiyo ya chini kweli ni saratani, lakini R/O huandikwa pale daktari anapotaka kuhakikisha kwamba ugonjwa fulani haupo. Ni swali lake, si jibu. Jibu litatoka kwenye vipimo vinavyofuata, kwa hiyo rudisha arbuni ya watu. Vifupisho vimewaponza hata wenye kazi: nchini Marekani, tangu 2004, hospitali nyingi zimekatazwa kuandika "MS", maana mmoja huisoma mofini na mwingine salfeti ya magnesiamu.

Hesabu Kamili: Kuhusu arbuni, soma kwanza mlivyoandikiana. Mimi niliwahi kurejesha mara mbili ya niliyopokea.

Mwana wa Tatu: Mnunuzi ni mtu mzuri, na bei ni nzuri pia. Nilifikiri hata isipokuwa saratani, fedha hazikosi kazi.

Bi Mkubwa Salama: Bado hujanijibu. Hivyo vipimo vinavyofuata ni lini, na karatasi anayo nani?

Mwana wa Tatu: Ni Alhamisi, na hapokelewi bila karatasi hiyo. Tangu asubuhi anapindua magodoro akiitafuta. Ninayo mimi, ndani ya jalada la hati ya kiwanja.