Acheni kusema kwamba kopilefti inatunyima uhuru

Ndugu zangu mafundi wa Bukavu na Goma,

Nimechoka kusoma humu kwenye mijadala yetu kwamba leseni ya programu iitwayo GPL ni kifungo kwa kuwa ni ya kopilefti, yaani humtaka anayeigawa programu awape wapokeaji haki zile zile alizopewa yeye, na kwamba apendaye uhuru wa kweli atumie MIT au BSD, leseni zisizo na sharti hilo. Anayesema hivyo aseme pia ni uhuru wa nani anaoupigania.

Hapa Ibanda, Bukavu, kuna kampuni, ambayo sitaitaja jina, iliyotuuzia ruta, yaani vifaa vya kusambazia mtandao, zinazoendeshwa kwa mfumo wa Linux. Kiini cha Linux, yaani programu iliyo moyo wa mfumo huo, kiko chini ya GPL tangu 1992, na toleo la 2 la leseni hiyo linamtaka mwenye kugawa programu ya namna hii kibiashara atoe pamoja nayo msimbo chanzo wake, yaani maandishi ya programu ambayo fundi anaweza kuyasoma na kuyarekebisha, au aambatanishe ahadi ya maandishi, inayodumu walau miaka mitatu, ya kumpatia msimbo huo yeyote atakayeuomba, bila kumtoza zaidi ya gharama ya kunakili. Tuliuomba ili turekebishe hitilafu inayokata mtandao kila umeme unaporudi. Tukajibiwa kwamba hiyo ni siri ya biashara, na kwamba tununue ruta mpya. Siri gani, ilhali kiini hicho kiliandikwa na watu wengine, wakakitoa kwa sharti kwamba kila atakayekipokea baada yao awe na haki zile zile alizopewa wa kwanza?

Kiini hicho kingekuwa chini ya MIT, kampuni ingekuwa na haki ya kutufungia mlango, nasi tusingekuwa na neno la kudai. Huo ndio uhuru mnaousifu! GPL haimkatazi mtu kuuza programu, wala anayeibadilisha kwa matumizi ya ofisi yake mwenyewe halazimiki kumwonyesha mtu yeyote. Inamzuia tu asimnyime mpokeaji kile alichopewa yeye.

Mnasahau pia ilikotoka OpenWrt, mfumo huria wa kuendeshea ruta. Watu waligundua Linux ndani ya ruta ya Linksys WRT54G, wakadai haki yao chini ya GPL, na mwaka 2003 msimbo ukatolewa. Mwaka uliofuata OpenWrt ikaanza kujengwa juu yake. Baadhi yenu mnaoitukana GPL humu mnaiweka OpenWrt kwenye ruta za wateja na kulipwa kwa kazi hiyo.

Nakubali kwamba msimbo ulio chini ya toleo la 2 pekee hauwezi kuunganishwa katika programu moja na ule wa toleo la 3, lililotoka 2007, na hilo limewatatiza waandishi wengi wa programu. Lakini sisi hupokea vifaa vilivyokwisha kupita mikononi mwa wengi kabla ya kuvuka mto Ruzizi na kutufikia, na leseni isiyomlinda mpokeaji wa mwisho haitulindi sisi.

Barua ya kudai msimbo imekwisha kuandikwa. Aliyenunua ruta hizo, awe Kadutu au Bagira, alete nakala ya risiti yake tuiambatanishe.