Kirumba mpaka Kayenze kwa mguu kupitia milima ya mawe: nilishindwa nikaishia Igombe, nipeni ushauri kabla sijarudia

Jiwe Kavu
Wakuu habari za jioni. Mwenzenu nina huu ugonjwa wa kutembea, sio yale mazoezi ya kuzunguka uwanja, natoka home asubuhi na begi mgongoni narudi usiku. Mwanzoni mwa mwezi huu wa nane mimi na jamaa yangu tukasema leo tunatoka Kirumba hapa Mwanza mpaka Kayenze kwa mguu, pembeni ya Ziwa Victoria, na lami tunaikwepa kila tunapoweza, tunapanda vilima vya mawe, tunashuka kugusa ziwa, tunapanda tena. Tukanywa chai na chapati kwa raha zetu, tukaondoka saa mbili na nusu, kila mtu ana chupa mbili za lita moja na nusu.

Saa saba mchana maji kwisha. Halafu kinachouma ni kwamba ziwa lipo hapo chini, unaliona siku nzima linametameta kama linakucheka, na wewe mate yamekuwa gundi. Upepo hakuna maana mpo katikati ya mawe makubwa kama nyumba, nyasi zimekauka zinachoma miguu, na ile changarawe inayomeguka kwenye mwamba imetapakaa juu ya jiwe, ukiikanyaga kwenye mteremko ni kama umekanyaga maharage makavu, nilianguka mara mbili makalio mpaka leo yananikumbusha. Jamaa akaanza kubanwa na misuli ya miguu, mimi malengelenge vidole vitatu. Tumetokea Igombe saa kumi tunatembea kama bata, tukapanda boda tukarudi. Simu inasema kilomita 19.

Nataka kurudia. Maswali: mnabeba maji kiasi gani? Viatu gani? Na maji ya ziwa nikiyachuja na kitambaa yananyweka?

Mtoto wa Pasiansi
Mkuu kuna daladala.

Pimbi Mkuu
😂 Huyo wa daladala tumwache.

Jiwe Kavu maji yalikuwa machache sawa, ila kosa kubwa ni hiyo saa mbili na nusu. Watu wanasahau Mwanza tuko magharibi kuliko Dar ila saa tunatumia moja, jua letu linafika utosini karibu saa saba, wenzetu wa Dar wanatutangulia kama dakika 25 hivi. Kwa hiyo asubuhi unajidanganya kumepoa, unapiga stori, kumbe kibano chote unakisukuma mbele. Na jiwe lina tabia yake, halipati moto haraka lakini likishapata haliachii, saa tisa jua linaanza kulegea ila jiwe ndio kwanza linakurudishia lilichokula tangu asubuhi. Unaokwa juu na chini. Waangalie pimbi na wale mijusi wenye vichwa vyekundu, asubuhi wamejaa juu ya mawe wanaota jua, mchana huoni hata mmoja, wote wameingia kwenye nyufa. Mnyama aliyezaliwa pale anakimbia, wewe wa Kirumba unapanda!

Mimi natoka saa kumi na moja alfajiri na tochi. Kipande cha lami namaliza gizani, kukipambazuka nipo chini ya kilima, mawe nayatembea mpaka saa nne, ikizidi sana saa tano. Halafu natafuta mwembe nalala. Ndiyo nalala kabisa, mpaka saa tisa na nusu. Kinachobaki natembea pembeni ya ziwa kwenye upepo. Jua linazama karibu saa moja, muda unatosha.

Na fimbo usiache. Usiingize mkono kwenye ufa wa jiwe ambao huuoni ndani, na usikae bila kupigapiga kwanza. Nyoka nao wanapenda kivuli.

Nesi wa Zamu
Nijibu la maji maana hilo la kitambaa limenishtua. Kitambaa kinatoa majani na matope, vijidudu vya taifodi na kipindupindu vinapita kama mlango uko wazi. Chemsha au tumia vidonge vya kutibu maji, na usome kwenye paketi usubiri dakika ngapi, sio unatia unakunywa.

Kingine kaka, mnaposema "tunashuka kugusa ziwa" mnaingia majini? Kichocho kinapita kwenye ngozi, hakihitaji unywe, na wale wadudu wanatoka kwa konokono wa pembeni ya maji, pale palipotulia penye matete na majani, na mchana wa jua kali ndio wanakuwa wengi. Yaani saa ileile wewe umechoka unataka kuloweka miguu. Osha uso kwa maji ya chupa uvumilie. Kama umeshaloweka sana nenda hospitali ukapime, dawa ipo na inatibu.

Kiasi: kwa jua hilo na kupanda, hesabu nusu lita mpaka lita moja kwa saa, kunywa kidogokidogo usisubiri kiu. Ila maji matupu mengi bila chumvi nayo yana matatizo yake, jasho linatoka na chumvi, na hiyo misuli ya rafiki yako huenda ilikuwa inalia chumvi na maji yote mawili. Beba pakiti za ORS, moja kwa lita moja. Huna? Lita moja ya maji safi, sukari vijiko vidogo sita, chumvi nusu kijiko kidogo, vyote vya kusawazisha sio vya kilima. Mtu akianza kuongea vitu havieleweki au anayumba na mwili unawaka, hapo safari imeisha, kivulini, mmwagieni maji, mpepeeni, mtafutieni usafiri wa hospitali. Msimwambie ajikaze.

Mzee wa Mwaloni
Ng'wanawane, mimi kwetu ni huko huko Kayenze na tulikuwa tunatembea bila begi wala simu. Mfukoni michembe, au matobolwa kama mama amepika. Kiazi kikavu hakiharibiki kwa jua, unatafuna taratibu kinakupeleka mpaka jioni. Hizo chapati zenu na mafuta yake zinaleta kiu.

Viatu, katambuga. Soli ya tairi haiogopi jiwe la moto.

Halafu ukifika kwenye kitongoji piga hodi, salimia watu, sema unapita. Vijana wawili na mabegi wanachungulia mawe, watu watasema wapima viwanja hao, au wanatafuta madini. Na zile nyua za minyaa msizipenye kwa nguvu, utomvu wake ukiingia jichoni hutaona ziwa wala njia.

Pimbi Mkuu
Shikamoo mzee. Yote sawa ila la katambuga nakataa kwa huyu ambaye mguu wake umezoea ofisi, ile changarawe itaingia chini ya unyayo na kamba zitamkata kabla ya saa tatu. Raba ya soli laini yenye meno, namba moja zaidi ya ile unayovaa kila siku maana mguu unavimba mchana, na soksi pea mbili, ya ndani nyembamba. Kucha ukate juzi yake, sio asubuhi ileile.

Mzee wa Mwaloni
Marahaba. Haya, raba. Michembe hamjaipinga.

Jiwe Kavu
MREJESHO. Wakuu nimefika Kayenze jana!!

Nimetoka saa kumi na moja kasoro, nimebeba lita nne na nusu, uzito wake niliulaani mpaka saa tatu, baada ya hapo nikaanza kuupenda. Maji ya kuongeza nilinunua Igombe nikaweka ORS, ladha mbaya ila misuli haikunibana hata kidogo. Mawe ya asubuhi ni kitu kingine kabisa, jiwe limepoa, unaweka kiganja unasikia baridi, pimbi wananiangalia kama mimi ndio mgeni, na kweli mimi ndio mgeni. Mchana nimelala chini ya mwembe wa mama mmoja anayeanika dagaa, aliniuliza kama ardhi yao inauzwa, nikamkumbuka mzee. Nikampa michembe akacheka sana, akasema siku hizi vijana wa mjini hawajui hata inavyotafunwa. Wabeja sana mzee.

Lengelenge moja tu, kisigino cha kushoto. Simu 31, pamoja na kupotea mara mbili nyuma ya kilima kimoja ambacho kila upande kinafanana.

Jamaa yangu yeye alifika Igombe akasema inatosha, akachukua boda. Nimeingia Kayenze jua linazama nimejaa vumbi mpaka kwenye kope, namkuta kwa mama ntilie kaagiza sato mzima wa wawili, ananiambia umechelewa, kimebaki kichwa.