Bunduki ya .375: kishikio gani cha darubini kinachorekebishika kitahimili teke?

Mtutu375
Wakuu, naomba ushauri. Bunduki ni .375 H&H yenye kilo 4.1, darubini ina bomba la mm 30 na uzito wa gramu 620. Nobu (vifundo vya kurekebisha shabaha kwenye darubini) zikiwa katikati kabisa, risasi zinatua sm 60 chini na sm 15 kushoto kwa mita 100. Nobu ya juu-chini ina dakika 60 za pembe kwa jumla (dakika moja ni kama sm 2.9 kwa mita 100), kwa hiyo nikiipandisha mpaka shabaha ikae sawa, zinabaki kama 9 tu. Nafikiria vishikio vya kurekebisha kwa skrubu pande zote, ila naogopa vitalegea. Je, naweza pia kuvihamishia kwenye bunduki ya upepo ya springi?

FundiReli
Usiviweke kwenye .375, mkuu. Bunduki hiyo hurudi nyuma kwa karibu mita 4.5 kwa sekunde, na kasi hiyo inapatikana ndani ya milisekunde 1.5 hivi. Piga hesabu na gramu zako 620: ni kama nyutoni 1,860 kwa wastani, yaani uzito wa kilo 190 unaoivuta darubini kuelekea mbele kila unapofyatua. Kwenye kishikio cha skrubu nguvu yote hiyo inapita kwenye ncha za skrubu ndogo. Ncha inachimba kishimo, nafasi inapatikana, na kuanzia hapo kila teke linaizidisha.

Lakini tatizo lenyewe lazima litibiwe. Nobu ikikaribia mwisho, springi inayolibana bomba la ndani la darubini hupoteza nguvu, bomba linarukaruka kwenye teke, na shabaha inahama bila wewe kugusa kitu. Kwa hiyo rekebisha kwa umbo la chuma, si kwa skrubu: reli (ubao wa chuma unaofungwa juu ya bunduki kubeba pete za darubini) ya kipande kimoja yenye mwinamo wa dakika 20. Dakika 20 ni sm 58 kwa mita 100, karibu sawasawa na upungufu wako.

Angalia skrubu za reli. Nyingi ni za saizi ya 6-48, zenye kipenyo cha mm 3.5. Kwa kaliba hii mpe fundi wa bunduki atoboe upya kwa 8-40, ambazo ni mm 4.2. Hiyo ndiyo pesa ya kwanza kutumia, kabla hata ya vishikio.

Mtutu375
Nashukuru. Sm 15 za kushoto je? Na kwa nini nisiweke tu kibati cha mm 0.6 chini ya besi ya nyuma (kipande kinachobeba pete ya nyuma)?

Pete_na_Bushi
Kibati chini ya besi ya nyuma peke yake kinafanya pete mbili zisitazamane. Ukikaza, bomba la darubini linapinda. Kikiwekwa chini ya reli ya kipande kimoja, ni reli inayopinda.

Za kushoto zimalize kwa pete zenye bushi za plastiki ambazo tundu lake limehama kutoka katikati, kama Burris Signature. Bushi inazunguka kama mpira ndani ya pete, hivyo bomba halipindi, wala usizisugue pete hizo kwa unga wa kusagia. Hesabu yake ni rahisi: pete zikiachana mm 100, tofauti ya mm 0.1 inahamisha shabaha sm 10 kwa mita 100. Bushi ya inchi 0.005 ni mm 0.127, sawa na sm 13. Iweke pete ya nyuma, ikisukuma bomba kulia, maana shabaha hufuata upande unaosogezea nyuma ya darubini. Sm 2 zilizobaki ni za nobu.

FundiReli
Naafiki. Hakikisha chemba ni tupu, kisha funga hivi: osha mafuta yote kwa asetoni, tia tone moja la gundi ya bluu ya kuzuia skrubu kulegea kwenye skrubu za reli, kaza 8-40 kwa Nm (nyutoni-mita) 3 hivi. Sukuma pete mbele mpaka ukingo wake uguse ukuta wa mbele wa mfereji wa reli, ndipo ukaze. Ukiacha uwazi, teke la kwanza litaisogeza pete yenyewe. Vifuniko vya pete Nm 1.8, kwa zamu na kimsalaba, BILA gundi, kwa sababu inatelezesha nyuzi za skrubu na unajikuta umebana kupita kiasi na kuliminya bomba. Chora mstari wa rangi kati ya pete na bomba. Baada ya risasi 20 utauona kama kuna kilichohama. Jicho libaki mm 90 au zaidi kutoka kwenye kioo.

Hewa_Springi
Kuhusu bunduki ya upepo: hapana, usihamishe. Pistoni ikienda mbele, bunduki inarudi nyuma. Pistoni ikigonga mwisho, bunduki inaruka mbele. Mruko huo wa pili ndio unaokokota kishikio kuelekea nyuma, kinyume cha .375. Kinachohitajika ni kishikio cha kipande kimoja chenye pini inayoingia kwenye tundu la mwili wa bunduki, pini ikiegemea ukuta wa nyuma wa tundu. Kama mtutu wa kukunja umeinama, nunua chenye mwinamo. Na darubini yenyewe iwe imetengenezwa kwa bunduki za springi, la sivyo lenzi au msalaba wa kulengea utang'oka ndani hata kama kishikio hakijasogea.