Yule jamaa wa yadi ya magari hapa Dom, leo kanivunjia heshima mbele za watu

MtuWaNkuhungu:
Wakuu leo sina hata salamu. Mnamjua, msijifanye hammjui, yule wa yadi ya pale kona, mwenye kofia ya pama na miwani nyeusi hata jua likishazama, ambaye kila gari lake "lilikuwa la mwalimu, linaenda kanisani na kurudi". Huyo ndo leo kanambia mimi, baba wa watu, nikanunue PUNDA.

Kuna IST ya 2004 naimezea mate tangu mwaka uanze, namba D, rangi imepulizwa inang'aa. Dashibodi inasoma kilomita elfu 68. Gari la miaka ishirini na ushee, elfu 68, lilikuwa linatembea au lilikuwa linaabudiwa? Halafu raba ya pedeli ya breki imelika hadi chuma kinachungulia. Nikafungua kifuniko cha oili nikakuta utando mweupe, nikanyanyua kapeti kutu tupu, nikavuta mkanda wa kiti hadi mwisho nikakuta tope limekaukia huko ndani, yani hilo gari limeogelea mahali. Yote nikameza. Nikaomba kitu kimoja tu, kwa heshima, bosi naomba nije kesho alfajiri na fundi wangu tuliwashe likiwa la baridi, maana kila nikifika nakuta injini imeshapashwa unaweza kukaanga chapati juu yake, na gari bovu likishapata moto linawaka vizuri tu, ubovu wake unauona asubuhi.

Jamaa akavua miwani, akaita na wenzie waje wasikie, akasema "mzee, kama unataka cha kukagua meno nenda Chamwino kanunue punda, punda hana kilomita".

PUNDA HANA KILOMITA. Dalali kacheka, mlinzi kacheka, mama ntilie kamwaga mchuzi, hadi mteja mwenzangu aliyekuwa anauliza bei ya Noah, ambaye na yeye anakaribia kupigwa, kacheka akashika mbavu. Na fundi wangu yuko hewani anauliza "vipi, kasemaje?" Nimjibu nini sasa? Kasema punda??

Msiende pale. Sina la ziada. Mimi, na mvi zangu, punda.

spana_kumi:
Ila kwa punda kutokuwa na kilomita jamaa kasema ukweli 😂😂

Mama_Wawili:
Pole kaka angu. Bora wewe umetukanwa na hela iko mfukoni. Mimi nililipa kabisa, kufika TRA kubadilisha jina naambiwa mwenye kadi aje mwenyewe, mwenye kadi sijawahi hata kumuona, aliyeniuzia hapokei simu. Na namba ya chasisi kwenye kadi na iliyogongwa kwenye gari ni vitu viwili tofauti. Halafu mkiangalia madeni ya trafiki angalieni KABLA ya kulipa, mie nilirithi faini za mtu.

FundiKisasa:
Mzee Punda, huo utando ukiwa kwenye kifuniko tu unaweza kuwa unyevu wa gari linaloendeshwa safari fupi fupi. Vuta stiki ya oili, kama na yenyewe ina rangi ya chai ya maziwa hapo maji yameingia, kimbia. Ya gia boksi nusa, ikinuka kuungua usiulize hata bei. Na tairi zimeandikwa tarakimu nne ubavuni, mbili za kwanza wiki, mbili za mwisho mwaka, watu wanauziwa tairi "mpya" za 2015 huku.

MtuWaNkuhungu:
Nani kakwambia unaniita Mzee Punda???

spana_kumi:
Mzee Punda tulia, mkuu kakupa madini bure

Kijana_wa_Udom:
Mbukwenyi wakuu. Mnalia na magari, mimi nimeuziwa kiwanja pembezoni huko, naenda kupima nakuta kuna msingi wa mtu na mtu mwenyewe yupo anamwagilia tofali. Dalali wa viwanja hapa Dom ukimlinganisha na wa magari, wa magari ni mchungaji.

Mama_Wawili:
Hao wa viwanja usinikumbushe, nitafungua uzi wangu.

mkulima_kibaigwa:
Nauliza serious, punda anaendaje saivi? Huku kisima kiko mbali na boda wanataka mia tano kila dumu.

FundiKisasa:
Bei imepanda, tafuta jike tu. Kwani bomba hakuna?

mkulima_kibaigwa:
Bomba lipo, maji ndo hamna.

Kijana_wa_Udom:
Huku Ipagala tangu juzi hayajatoka. Mwenye namba ya mtu wa boza aiweke hapa, asiye na mbwembwe za bei.