Paipu za breki za Beetle ya 1972: nichanue mwenyewe, niagize seti, au nimpe fundi?

Kobe_wa_Tanga
Habari wakuu. Naifufua Volkswagen Beetle 1300 ya mwaka 1972, usukani kulia, taratibu kadiri mfuko unavyoruhusu. Rangi tayari, injini inawaka. Juzi nikainua zulia kuifuata ile paipu ndefu ya breki inayopita ndani, pembeni ya mgongo wa katikati. Nikaikwaruza kwa bisibisi, ikatoa maganda kama ya muhogo, na mahali pamoja ncha ikazama kabisa. Upepo wa bahari na chuma hawajawahi kupatana. Nimeamua zote zinatoka.
Sasa, kuna seti za nje zilizokwisha kukunjwa. Kuna fundi wangu wa mtaani anayesema leta vipimo, kesho uchukue. Na kuna kununua koili ya paipu iliyonyooka na kifaa cha kuchanulia, yaani cha kutanua ncha ya paipu iwe mdomo unaokaa kwenye kiungo bila kuvuja, nikajitengenezea. Waliopita huko mniambie.

SpanaKumi
Karibu kwenye mateso, mkuu. Mimi niko Nairobi, niliagiza seti. Mara ya kwanza nikaitoa Marekani kwa sababu bei ilivutia. Ilipofika nikagundua kule usukani uko kushoto, kwa hiyo masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali ya breki, nayo iko upande mwingine. Paipu za mbele zikawa kinyume: fupi inatakiwa kuwa ndefu, na ndefu haina pa kwenda. Ile ya kwenda nyuma ilikuja imekunjwa mara mbili ili iingie kwenye boksi, nikaanza kuinyoosha kwa magoti.
Ukiagiza, nenda kwa wanaoendesha kulia kama sisi: Uingereza, Australia, au Afrika Kusini, ambako Beetle ziliundwa Uitenhage hadi 1979. Seti yangu ya pili iliingia bila maneno. Ila ukijumlisha usafiri na ushuru, hela hiyo ingenunua koili, kifaa na chakula cha mchana cha wiki nzima.

FundiMstaafu
Mwanangu, kabla ya kuuliza nani atengeneze, uliza mdomo gani. Hapo ndipo watu wanapokosea na kubaki kulaumu paipu.
Magari yanayojaa gereji zetu ni ya Kijapani. Mdomo wa paipu zao ni wa faneli: chuma kinachanuliwa, kisha kinakunjwa tena ndani, unapata kuta mbili. Volkswagen wanatumia mdomo wa uyoga, umevimba kwa mbele kama kichwa cha uyoga mchanga. Shida inakuja hapa: uzi wa nati ni uleule, M10x1 (kipenyo milimita 10, nafasi ya uzi milimita 1), na paipu ni ileile ya milimita 4.75. Kwa hiyo nati ya Toyota inaingia kwenye masta silinda ya Beetle vizuri tu, unakaza, unafurahi. Lakini kule ndani faneli imekalia kiti kilichochongwa kwa ajili ya uyoga. Kiungo kitalia, yaani kitavuja machozi ya mafuta. Fundi atakaza zaidi, itaacha kulia siku mbili, kisha itarudi, na safari hii kiti chenyewe kimeshaumia.
Kwa hiyo mpelekee fundi wako kipande cha paipu ya zamani chenye mdomo mzima, na nati zake. Akikitazama akasema "hii yote sawa tu", mshukuru, uondoke.

Mchuuzi88
Mbona mnajitesa? Nendeni kwa mafundi friji, paipu za shaba zipo za saizi hiyohiyo, laini, zinakunjika kwa mkono. Mimi niliweka kwenye pikapu, mwaka wa pili huu.

FundiMstaafu
Ndugu yangu, itoe leo. Shaba tupu inachoka. Kila mtikisiko wa barabara unaifanya iwe ngumu zaidi, mpaka siku inapopasuka karibu na nati. Na hilo hutokea ukiwa umekanyaga breki kwa nguvu, si ukiwa umeegesha. Friji ikivuja, nyama inaharibika tu.

BintiGereji
Shikamoo mzee. Niongezee kuhusu malighafi, maana nimezishika zote.
Chuma cha kawaida chenye rangi ya kinga ndicho rahisi kupatikana na kinatosha kabisa. Kwa kaka wa Tanga, ambako chumvi iko hewani, mimi ningeenda kwenye mchanganyiko wa shaba na nikeli. Kwa macho unafanana na shaba, lakini si shaba ya friji: ndani yake kuna nikeli kama asilimia 10 na chuma kidogo. Hauli kutu, unakunjika kwa mkono ukiwa na subira, na Volvo walianza kuufunga kwenye magari yao tangu miaka ya 1970. Chuma cha pua kinang'aa, picha zake nzuri, lakini ni kigumu: kifaa cha bei ndogo kinakitelezesha, mdomo unatoka na ufa. Niliharibu midomo sita, nikakiuza kilichobaki.
Koili ya futi 25 inatosha Beetle nzima. Anza na mazoezi, usianze na ile ndefu. Kata kwa kikata paipu cha kuzungusha, msumeno unaacha meno na vumbi. Futa ukali wa ndani na wa nje. Baada ya kuchanua, safisha ndani kwa spiriti. Petroli hapana, wala oili yoyote, zitavimbisha raba za silinda.

Kobe_wa_Tanga
Nimewaelewa, na nimeanza kuegemea kwa dada. Swali la mwisho: ile mipira minne ya kwenye magurudumu. Kwa nje haina nyufa. Na kuna duka linalotengeneza mipira ya haidroli ya makatapila, wanasema wanaweza kunikatia.

SpanaKumi
Usiangalie kwa nje. Mpira mzee huvimba ndani: ukikanyaga mafuta yanapita, ukiachia hayarudi, na gurudumu linabaki limeshikwa. Nilibadilisha silinda mbili za magurudumu kabla ya kugundua kosa lilikuwa la mpira.

BintiGereji
Na ya makatapila usiguse. Raba ile imetengenezwa kwa oili ya haidroli, mafuta ya breki ni kitu kingine kabisa. Nunua mipira ya Beetle yenyewe, iko mingi na si ghali.

Kobe_wa_Tanga
Marejesho, wiki ya tano. Nilichukua koili ya shaba na nikeli na kifaa cha kuchanulia. Midomo minne ya kwanza ilikwenda kwenye debe la takataka, wa tano ukakubali. Fundi wa mtaani nilimwonyesha kipande cha zamani kama mzee alivyosema. Akakigeuzageuza, akacheka, akasema hajawahi kuutazama mdomo wa Volks kwa karibu. Sasa tunatumia kifaa pamoja, na yeye ndiye aliyenikunjia ile ndefu juu ya ndoo ya rangi ili kona zisibonyee.
Kutoa upepo kwenye mafuta ya breki tulianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Pedali imepanda, imekuwa ngumu. Nati moja ya nyuma kulia ilitoa unyevu, nikaifungua, nikakuta punje ya mchanga kwenye kiti. Nikafuta, nikafunga, nikalaza karatasi chini usiku kucha. Asubuhi ilikuwa kavu.
Na ndiyo, mara mbili nilichanua mdomo mzuri kabisa kisha nikaiona nati, ambayo huvishwa kwenye paipu kabla ya kuchanua, imekaa mezani.

FundiMstaafu
Mara mbili tu? Wewe una kipaji.