Faitesi ya sato wa vizimba: tuipike Mwanza au tuendelee kuagiza?

Mlisha Sato: Wakuu, soya na pumba tunazowapa sato zina fosforasi, ila sehemu kubwa imefungwa ndani ya faiteti, kiambata ambamo mbegu huhifadhi fosforasi. Samaki hana kimeng'enya cha kutosha kuifungua, kwa hiyo inashuka na kinyesi chini ya kizimba kulisha mwani na magugumaji. Faitesi ndiyo kimeng'enya kinachoifungua, na hamira iliyopandikizwa jeni yake huitengeneza. Kwa nini tununue kwa dola? Tujenge mtambo hapa, tuweke nakala kumi za jeni, tuvune mara kumi.

Seli Moja: Mtambo sipingi, napinga hesabu zenu. Mnadhani nakala kumi za jeni ni mavuno mara kumi. Faitesi ni protini, hukunjwa kwanza kwenye retikulamu ya endoplazimu (chumba cha seli cha kukunjia protini) ndipo itolewe nje. Protini zisizokunjika zikirundikana, Ire1, kitambuzi cha chumba hicho, hukata kipande ndani ya ujumbe wa RNA wa jeni ya HAC1 (kwenye hamira ya mkate ni nyukliotaidi 252). Hapo protini ya Hac1 hutengenezwa na kuwasha jeni za Kar2, inayosaidia kukunja, na Pdi1, inayofunga madaraja ya salfa. Zilizoshindikana hurudishwa saitoplazimu (ute wa seli nje ya chumba hicho) zikavunjwe. Yote hayo yanakula nguvu ya seli, ukuaji unashuka. Na seli iliyotema nakala zake hukua haraka ikawafunika wenzake.

Mlisha Sato: Si uongeze HAC1 tu?

Seli Moja: Kwa protini fulani inasaidia, kwa nyingine unapata hasara. Linganisha nakala moja, mbili na nne, upime uniti (kipimo cha kazi ya faitesi) kwa gramu ya seli. Ukipima kwa lita peke yake utadanganywa na wingi wa seli.

Fundi Tangi: Jeni mnaijadili vizuri, tangi la kukuzia hamira mmelisahau. Pichia, aina ya hamira, yenye promota (swichi ya jeni) ya AOX1 inataka methanoli: kwenye chupa ya kutikisa ni asilimia 0.5 kila saa 24. Joto ni nyuzi 28 hadi 30. Likipita 32 uzalishaji unaporomoka. Methanoli ikiliwa hutoa joto jingi, na maji ya ziwa yako karibu nyuzi 25. Tofauti ya nyuzi tatu hadi tano haipoozi tangi kubwa, lazima chila, mashine ya kupoozea maji. Umeme ukikatika, oksijeni huisha ndani ya dakika chache, methanoli inalundikana na kuua seli. Jenereta ibebe kompresa, kichanganyio na chila kwa pamoja. Isitoshe, moto wa methanoli mchana hauonekani.

Mlisha Sato: Basi promota ya GAP, inayotumia glukosi. Methanoli tuachane nayo.

Fundi Tangi: Hapo tunaelewana kidogo. Lakini swichi ya GAP haizimiki, seli inabeba mzigo tangu mwanzo, tunarudi kwa Seli Moja.

Seli Moja: Nikubali GAP, kwa masharti: aina ya hamira isiyobaki na jeni ya kuhimili antibiotiki, na masalia ya seli yapikwe nyuzi 121 kwa dakika 20 kabla ya kutupwa. Ziwa lisipelekewe hamira hai.

Fundi Tangi: Na faitesi inyunyiziwe baada ya tembe za chakula cha samaki kupoa. Ukiichanganya kabla ya mashine ya kukandamiza, joto litaiua na kazi yote ya Hac1 itakuwa bure.